Makumbusho ya Gisozi, Kigali: usitoke kabla hujapanda ngazi

Nyota tano. Naanza na hapo ili wenye haraka waendelee na safari zao, wenye muda wakae kidogo, maana hii siyo ile ripoti ya hoteli ati supu ilikuja baridi na mhudumu amenuna.

Mimi ni dereva wa trela, mtu wa Uganda, Kiswahili ndio lugha yangu ya kazi kutoka asubuhi mpaka nalala, na ukiniuliza nyumbani ni wapi nitasema Kampala ila mgongo wangu unajua kebini tu. Njia yangu ni Mombasa, Malaba, Kampala, Mbarara, Katuna, Kigali. Kigali nimeingia mpaka nimeacha kuhesabu, nilikuwa naingia kabla mpaka wa Katuna haujafungwa 2019 na nikarudi ulipofunguliwa 2022, na miaka yote hiyo sikuwahi kukanyaga Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Watutsi ya 1994. Nilikuwa naona vibasi vya watalii vinapanda kilima nasema hayo ni ya watu wenye likizo, mimi nimebeba mali ya watu.

Safari ya juzi karatasi zikakwama. Ajenti mmoja, simtaji maana bado namdai hela ya chakula, aliandika namba ya kontena vibaya, tarakimu moja tu, sifuri mahali pa nane, na hiyo sifuri ikanilaza Kigali siku tatu. Siku ya kwanza nikalala. Ya pili nikafua. Ya tatu taniboi wangu, yaani msaidizi wangu wa trela, akaniambia mzee, si twende tuone ile makumbusho ya vita. Yeye ni mtoto wa 2001, mambo ya 1994 kwake yako foleni moja na hadithi za Kintu na Nambi. Nikamwambia kumfuata jirani nyumbani kwake umuue na watoto wake hiyo siyo vita, halafu vaa shati lenye kola, twende.

Kufika siyo kazi. Kutoka stendi ya Nyabugogo unachukua moto, ndio boda yao, unapewa helmeti na abiria ni mmoja tu, sisi wa Kampala tuliozoea kupakiana mishikaki ilibidi tulipe moto mbili. Kitu kimoja ambacho kila Mganda anasahau: saa ya Rwanda iko nyuma yetu kwa saa nzima. Simu inajibadilisha yenyewe lakini mimi natumia saa ya mkononi ya marehemu mzee wangu, ikaniambia saa mbili tumechelewa, kumbe pale ni saa moja na geti bado. Tukakaa ukingoni mwa barabara. Kutoka pale unaona mji ng'ambo ya bonde, maghorofa, watu wanashuka kwenda kazini, mama mmoja anafagia barabara mpaka unaona aibu kukanyaga. Taniboi anakula rolex, ile chapati yetu ya mayai, aliyotoka nayo, ameifunga kwenye gazeti maana kavera, mfuko wa plastiki, mpakani hawapitishi tangu 2008, ukishikwa nayo utaieleza.

Saa mbili yao wakafungua. Mlangoni unakaguliwa kama unaingia benki, halafu ndani watu ni wapole sana, wanaongea chini chini. Kiingilio sikulipishwa, kuna mahali pa kuweka mchango, na ukitaka ile mashine ya masikioni inayokueleza chumba kwa chumba unalipia. Lipieni jamani. Mimi nilitaka kujifanya mjuaji, dada wa pale akaniuliza tu kwa upole, kaka una haraka? Nikalipa.

Wanaanza na filamu fupi, manusura wanaongea. Halafu makaburi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba hii siyo makumbusho kama ile yetu ya Kitante, Kampala, unaangalia ngoma na mikuki unatoka. Hapa ni makaburini. Ni zege tupu, pana, bapa, limelala juu ya kilima, na chini yake wamelala watu zaidi ya 250,000. Taniboi akaniuliza laki mbili na nusu ni watu wangapi, yaani kwa macho. Nikamwambia chukua uwanja wetu wa Namboole ukiwa umejaa mechi ya Cranes, timu ya taifa, watu elfu arobaini na kitu, ujaze mara tano na bado kuna watu wamebaki nje wanagombania tiketi. Akavua kofia. Kuna na ukuta wa majina na majina hayajaisha, kwa sababu kuna familia ambazo hakubaki hata mmoja wa kusema fulani aliitwa nani.

Ndani chini kuna giza kiasi, unazunguka kwa duara, maandishi ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. (Kiswahili nacho ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, mimi naomba tu kwa Mungu siku moja nikikute pale, maana sisi wa barabarani ni wengi.) Mwanzoni wanakuonyesha watu walivyokuwa wanaishi, Mhutu, Mtutsi, Mtwa, lugha moja, kilima kimoja, halafu Wabelgiji miaka ya 1930 wakaja na kitambulisho chenye mstari wa kabila. Kipo pale kwenye kioo. Karatasi tu. Picha, jina, muhuri, na mstari.

Hapo nilisimama muda mrefu na nitawaambia sababu. Sisi madereva maisha yetu ni vizuizi. Kutoka Malaba mpaka Kigali nasimamishwa mara ngapi, mizani, trafiki, mapato, jeshi, mpaka. Kila mara ni jambo lile lile, unashusha kioo, unatoa permiti na kitambulisho, askari anaangalia picha, anaangalia uso, anaangalia picha tena. Ni sekunde nne hivi. Kwangu mimi hizo sekunde nne ni za kuwaza huyu leo ataomba soda au ataniachia. Sasa 1994 kwenye zile bariyeri zao ilikuwa hivyo hivyo kabisa, mtu anashusha mkono na karatasi, mwingine anasoma mstari mmoja, na mstari ukisema Tutsi hufiki mbele. Mara nyingi hata askari siyo, ni kijana wa mtaa ule ule mwenye panga na chupa ya bia. Nimetoa kitambulisho changu maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba kadi inaweza kuwa ndio kesi yenyewe.

Kisha redio, RTLM, iliyoanza 1993, inapiga muziki mtamu na katikati inawaita watu mende. Kisha mapanga. Kwenye mapanga akili yangu ya mzigo ikaamka. Usiku niliporudi nilisoma kwenye simu kwamba Human Rights Watch walifuatilia zile karatasi za kuingiza mali, kati ya Januari 1993 na Machi 1994 ziliingizwa Rwanda tani 581 za mapanga. Nikapiga hesabu ya kidereva, trela moja tuseme inabeba tani 28. Ni trela 21. Banange! Trela 21 mimi naziona zimepaki Malaba asubuhi moja kabla sijamaliza chai, hata huwezi kugeuza shingo. Na kila mzigo ulikuwa na karatasi, na mtu wa kugonga muhuri, na dereva anayewaza posho yake.

Zile siku 100 za mauaji sitazisimulia, mtaziona wenyewe. Kuna chumba cha picha za familia zimening'inizwa kwa klipu, za harusi, za kipaimara, mtu ameegemea gari ambalo siyo lake kama tunavyofanya sote. Kuna chumba cha mafuvu na mifupa. Kuna cha nguo. Taniboi aliona fulana moja akatoka nje bila kuniaga.

Sasa sikilizeni. Wengi wanaishia pale chini. Niliwaona, kundi zima la watu walitoka, wakapiga picha mbele ya maua, wakaingia basi. Na mimi nusura nitoke, miguu ilishachoka na moyo vile vile. Ila kuna ngazi, na juu ndiko kuna kile chumba ambacho kimenifanya niandike haya yote, maana juu wanakutoa Rwanda wanakupeleka kwa wengine: Namibia, Armenia, Wayahudi wa Ulaya, Kambodia, Balkan.

Nilishangaa kuanza na Namibia, nilikuwa sijui kabisa. 1904 Mjerumani mmoja wa jeshi, von Trotha, alitoa amri kwamba Mherero yeyote akionekana ndani ya mipaka ya Wajerumani, mwenye bunduki au hana, apigwe risasi. Waliobaki wakasukumiwa jangwani, wengine wakafungwa makambini, na Wanama wakafuata. Inakadiriwa Waherero 8 kati ya 10 walikwisha. Hiyo ni Afrika, miaka karibu 30 kabla ya Hitler kushika nchi. Shuleni kwetu Hitler tulifundishwa kama vile alishuka na mvua.

Halafu Wayahudi. Nitakaa hapa kidogo. Mimi Holokosti nilikuwa naijua kwa jina, milioni 6, kambi, basi. Pale ukutani unaiona inavyopanda hatua kwa hatua kama mtu anayepandisha gia. Hitler anaingia 1933. 1935 sheria za Nuremberg, Myahudi siyo raia tena, haoi Mjerumani. 1938 mwezi wa Novemba wanachoma masinagogi na kuvunja maduka kwa usiku mmoja. Kisha vita, kisha mitaa ya kufungiwa watu, kisha Januari 1942 maofisa wanakaa kikao Wannsee, pembeni mwa jiji la Berlin, watu wenye suti, kupanga jinsi ya kumaliza kazi. Kikao! Kuna mtu aliandika na kumbukumbu za kikao.

Na karatasi, tena karatasi. Nilipotoka pale nikaanza kutafuta, nikakuta 1938 pasipoti za Wayahudi zilipigwa herufi J nyekundu, na kuanzia Januari 1939 kila mwanaume Myahudi ambaye jina lake halionyeshi kabila akalazimishwa kuongeza jina Israel na kila mwanamke Sara. Yaani ule mstari wa kwenye kadi ya Kigali una ndugu yake, na yuko Berlin.

Ila kilichoniondolea usingizi ni usafiri. Hii nayo niliisoma usiku ule kwenye simu, nimelala kebini. Wale watu walibebwa na treni, na treni ilikuwa ya shirika la reli la kawaida, Reichsbahn, lile lile linalobeba makaa na watu wa likizo. Na shirika lilidai nauli. Walai nauli. Pfenigi 4 kwa kilomita kwa kila mtu, bei ya daraja la tatu, mtoto chini ya miaka 10 nusu, chini ya miaka 4 bure, na wakizidi watu 400 kundi linapata punguzo la nusu bei. Waliopelekwa walikatiwa ya kwenda tu. Walinzi walikatiwa ya kwenda na kurudi.

Nimesoma hiyo sentensi mara tatu. Mimi ni mtu wa usafirishaji, invoisi naijua, naijua hiyo lugha ya kwenda na kurudi, najua yule karani anayekaa kwenye meza anasema hili kundi lina punguzo. Hakuwa na bunduki yule karani. 1944 kutoka Hungaria peke yake walisafirisha watu zaidi ya laki nne chini ya miezi miwili, treni 140 na zaidi, karibu wote kwenda Auschwitz. Treni 140 zinataka ratiba, zinataka dereva wa zamu, zinataka mtu wa kuweka maji kwenye injini na mtu wa kupisha treni nyingine. Auschwitz wanahesabu waliouawa ni kama milioni 1.1.

Najua kuna watu wetu watasema sasa wewe Mganda hayo ya wazungu yanakuhusu nini. Sawa, ngoja. Septemba 1972 rais wa nchi hii hii, Idi Amin, alituma telegramu kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akimsifu Hitler kwa kuua Wayahudi. Mwaka huo huo akawapa Wahindi siku 90 watoke, wakapanga foleni na pasipoti mkononi, huyu raia, huyu siyo, huyu muhuri wake una kasoro. Na kule Mbale, ninapopita nikienda Soroti, kuna Abayudaya, Waganda weusi kama mimi wanaosali Kiyahudi tangu 1919 enzi ya kiongozi wao Kakungulu, wakati wa Amin dini yao ikapigwa marufuku, wengi wakaiacha, wengine wakasali kwa kujificha. Hawakuchinjwa, sisemi ni kitu kimoja. Nasema tu gia ya kwanza tuliiweka.

Kitu kingine nilichopenda kujua ni hii makumbusho imetoka wapi. Ilifunguliwa Aprili 2004, miaka kumi baada ya, na waliosaidiana na jiji la Kigali kuijenga ni Aegis Trust ya Uingereza. Hao Aegis mwanzo wao ni ndugu wawili, James na Stephen Smith, ambao 1995 walifungua kituo cha kufundisha Holokosti kwenye kijiji cha Laxton kule Nottinghamshire. Angalieni hiyo tarehe. Wanafungua nyumba ya kusema isirudie tena, na Rwanda ndio imetoka kuzika, tena kwingine bado haijamaliza kuzika. Na vile vioo vya rangi kwenye jengo la Gisozi alivichora Ardyn Halter, ambaye baba yake aliokoka Holokosti. Nilikuwa nimeshapita kwenye vioo hivyo bila kuviangalia, nikarudi.

Chumba cha watoto nacho kiko juu. Hapa nasema kwa wenye familia: mtoto mdogo usimwingize. Ni picha kubwa za watoto, na chini ya kila picha kibao kama cha daftari la shule, jina, umri, alipenda kula nini, rafiki yake mkubwa nani, halafu mstari wa mwisho alikufaje. Unasoma chakula anachokipenda unatabasamu, kabla hujamaliza kutabasamu jicho limeshuka kwenye mstari wa chini. Kuna mmoja wa miaka 10, mpenda mpira, maneno yake ya mwisho yaliyoandikwa pale ni kwamba UNAMIR watakuja kutuokoa. UNAMIR ni wale askari wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 21 Aprili 1994, wiki mbili tangu kazi ianze, walipiga kura New York kuwapunguza wabaki kama 270.

Nikashuka. Taniboi nilimkuta bustanini amekaa chini ya mti, macho mekundu anasema ni vumbi. Kigali hakuna vumbi.

Nikampigia mama. Sasa hapa mnielewe, sisi ni watu wa Kyotera, mama ni Mhaya wa Bukoba aliolewa upande huu, na kazi yake ilikuwa samaki, anachukua Kasensero anapeleka Masaka. Kasensero ndipo mto Kagera unapoingia Nyanja, yaani ziwa Viktoria. 1994 nilikuwa na miaka 9. Ninachokumbuka mimi ni kwamba ghafla nyumba yetu yenye samaki kila siku ikawa nyumba ya maharage. Harufu ya samaki kwenye nguo za mama ikaisha, nikafurahi, mtoto mjinga. Nikimuuliza samaki wako wapi ananiambia nyanja inaumwa.

Pale Gisozi ndio nilipata kuunganisha. Novemba 1992 mwanasiasa mmoja wa kule, Léon Mugesera, alihutubia watu akasema Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mkato, kwa mto Nyabarongo. Nyabarongo inaingia Akagera, ndio Kagera yetu, Akagera inaingia Nyanja, na mlango wake ni Kasensero kwa mama yangu. Alikuwa anataja njia ya kusafirisha. (Alikuja kurudishwa kutoka Kanada 2012, akafungwa maisha 2016.) Miili ikaja kweli. Wavuvi wetu ndio waliotoa nyavu za samaki wakaingia kuopoa watu, na leo kuna sehemu tatu za makaburi upande wa Uganda, Kasensero wako 2,875, Lambu kule Masaka 3,337, Ggolo kule Mpigi 4,771. Jumla 10,983, na hao ni wale tu walioopolewa wakazikwa.

Mama akapokea, nikamwambia niko wapi. Akanyamaza. Halafu akasema, mwanangu, unajua ni kwa nini niliacha biashara? Nikasema watu waligoma kula samaki. Akasema hapana, wateja wangerudi, na walirudi. Asubuhi moja nilishuka kununua nikakuta wavuvi wamewalaza kwenye mchanga, wamewafunika na kavera na majani ya migomba, na mmoja alikuwa mwanamke ana mtoto amefungwa mgongoni kwa kitenge, fundo halijalegea. Kitenge kama changu. Nikageuka na beseni langu tupu.

Miaka 30 na zaidi hakuwahi kunieleza. Ilibidi ajenti akosee sifuri.

Basi haya ya kawaida kwa anayetaka kwenda. Tenga saa tatu, siyo moja. Asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi usijisumbue, ni umuganda, mji mzima unafagia. Kula kidogo kabla, siyo sana. Kuna kafe pale pale, kahawa yao nzuri, tulikunywa bila kuongea. Picha uliza kwanza unaruhusiwa wapi, na hata ukiruhusiwa, jamani, ile ya kuinua vidole viwili mbele ya makaburi, tafadhali, nilimwona mtu mzima na kitambi chake anafanya, aliongea lugha ya kwetu kabisa nikaona aibu kwa niaba ya wilaya nzima. Ukienda Aprili mpaka Julai utakuta mwenge unawaka siku 100, na watu wanakuja na maua, hapo uende kwa heshima ya msiba kabisa siyo ya kutembea. Tangu 2023 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero, hizo tatu sijafika.

Kesho yake sifuri ikawa nane, tukapakua, tukageuza. Taniboi hakuweka muziki. Tulipokaribia Katuna akaniuliza, mzee, wale madereva wa treni walikuwa wanajua wamebeba nini? Nikamwambia mabehewa yana sauti. Akauliza, na ungekuwa wewe? Hapo askari akatupungia tusimame, nikashusha kioo, nikatoa kitambulisho, na kwa kweli ule mkono wangu niliuangalia. Tukavuka, tukahamia kushoto kwa barabara, na swali lake bado liko kebini, sijalijibu.

Aprili ijayo nimeomba ruhusa kwa bosi siku mbili, nampeleka mama kwenye kumbukumbu upande wetu huku. Huwa wanazunguka, mwaka huu hapa mwaka ule pale. Mwenye kujua zamu ijayo ni ya Kasensero, Lambu au Ggolo aniambie mapema, mama magoti yanamsumbua na Kasensero ile barabara ya kushuka nyanjani mnaijua.